Fundi wa paa asiyetazama paa: hadithi yako isimuliwe na nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Tandika. Nina hadithi ya Salma, msichana wa Magomeni, ambaye baba yake mdogo, Hamisi, aliuza kwa siri nyumba ya urithi. Mwanzoni niliiandika kwa nafsi ya kwanza, msichana mwenyewe akisimulia. Wenzangu wa kikundi chetu cha uandishi wakaniambia "mimi" inabana, niibadili iwe nafsi ya tatu ili nionyeshe na mawazo ya huyo baba mdogo. Nimebadili, na sasa hadithi imepooza. Nafsi inabadilisha nini hasa? Nikitaka mawazo ya baba mdogo nifanyeje? Na je, naruhusiwa kuchanganya nafsi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeyasoma matoleo yote mawili uliyoambatisha. Wenzako waliona kweli kwamba kuna mahali panabana, ila dawa waliyokupa ni ya ugonjwa mwingine. Katika toleo la pili umebadili viambishi tu: "nili-" zimekuwa "ali-", na "mama" amekuwa "mama yake Salma". Kisha, kwa kuwa sasa ulijiona huna mipaka, ukaingia kichwani mwa Hamisi ukurasa wa kwanza, ukatumwagia kila alichokuwa akikificha. Huko kumwaga ndiko kulikoipooza hadithi.

Shule zetu zina mkono katika jambo hili. Sekondari tunafundishwa kwamba matumizi ya nafsi ni kipengele kidogo chini ya mtindo. Mwanafunzi anatafuta sentensi moja yenye nafsi ya kwanza, nyingine yenye nafsi ya tatu, anazinakili, anapata alama zake na kuhamia kwenye tamathali za semi. Kwa mtihani inatosha. Anayeandika, kwa maoni yangu, nafsi aiamue mwisho kabisa, akishajua ni macho ya nani yanayoona tukio, mwenye macho hayo anajua nini wakati ule, na anasimulia akiwa amesimama wapi: palepale uani, au miaka 20 baadaye.

Tuchukue tukio lako lenye nguvu kuliko yote, ambalo katika toleo la pili umelipitia kwa mistari miwili: siku dalali alipokuja kupima kiwanja, na Hamisi akamwambia mtoto kuwa mgeni yule ni fundi wa paa. Tukio ni lako, maneno yafuatayo ni yangu. Kwanza mtoto mwenyewe, siku ileile:

"Ba'mdogo alisema yule ni fundi wa paa. Nikampelekea maji kwenye glasi ya wageni. Hakunywa. Alikuwa ameinama, anavuta tepu kutoka kwenye karo hadi kwenye mpapai, halafu kutoka kwenye mpapai hadi kwenye ukuta wa kina Mama Shomari. Akaniambia nimshikie ncha moja. Nikaishika, nikaibana ukutani kwa vidole viwili isichomoke. Akamwambia Ba'mdogo kwamba nina akili."

Mtoto hajui kitu, wala msimulizi hasemi zaidi ya alichokiona mtoto. Lakini msomaji wa mjini hapa, anayejua maana ya mtu kupima kutoka ukuta hadi ukuta, ameshaelewa. Ameelewa kabla ya mtoto, na hana namna ya kumwonya. Ile sifa ya "nina akili" inamchoma msomaji peke yake, mtoto anafurahi nayo. Hii ndiyo faida ya kusimulia kwa macho ya asiyejua: msomaji anapewa kazi.

Hasara yake ni kwamba mtoto wa miaka 11 hana msamiati wa mirathi. Kila jambo la wakubwa lazima lipite mbele yake likiwa glasi, tepu, au mama aliyeacha kuimba anapofua. Katika hadithi fupi inawezekana. Katika riwaya nzima ni kazi ya kuvunja mgongo. Na hapa ndipo nilipoona ugonjwa halisi wa toleo lako la kwanza. Umeandika: "Sikujua kwamba njama za kifisadi zilikuwa zikisukwa dhidi ya ukoo wetu." Mtoto gani wa Magomeni anasema hivyo? Macho ni ya mtoto, kinywa ni cha mtu aliyesoma magazeti. Wenzako walihisi mgongano huo wakaulaumu ule ufinyu wa "mimi".

Kumbe ungeweza kuacha "mimi" vilevile, ukampa umri:

"Mimi ndiye niliyeshika ncha ya tepu. Ba'mdogo alisema yule ni fundi wa paa, nami nikaamini, ingawa mtu yule hakuinua macho kutazama bati hata mara moja. Nilikuwa na miaka 11. Mama hadi leo anadhani walipima usiku, sisi tukiwa tumelala."

Nafsi ni ileile ya kwanza umoja, lakini ndani yake sasa kuna watu wawili: aliyeona na anayesema. Neno "ingawa" ni la anayesema. Mtoto hakuwa na "ingawa". Na tazama jinsi kosa lilivyohama. Katika maelezo ya mtoto, mkosaji ni Hamisi peke yake. Hapa ghafla hadithi inamhusu mwanamke mzima aliyekaa na ncha ya tepu kifuani miaka yote hiyo bila kumwambia mama yake. Nyumba ni ileile na dalali ni yuleyule. Uzito ndio umehamia kwingine, na hakuna tukio hata moja lililoongezwa.

Sasa njia uliyopita wewe. Nafupisha ukurasa wako: Hamisi alikuwa ameshapokea advansi, alimdanganya Salma kuwa mgeni ni fundi wa paa, na moyoni alijua kuwa nyumba imekwenda. Nafsi ya tatu haina kosa hapa. Shida ni kwamba msomaji amepewa jibu kabla hajawa na swali, kisha akaachwa asubiri kurasa 14 Salma naye agundue. Kuna waandishi wanaotoa siri mapema makusudi, na wanafanikiwa, kwa sababu baada ya hapo hofu inakuwa ya aina nyingine: hatuulizi tena "kuna nini?", tunauliza "atafanyaje mtoto huyu akijua?" Ukitaka hivyo, sawa, lakini gharama yake uilipe. Ukishafungua kichwa cha Hamisi lazima tuishi humo. Tujue deni analodaiwa, tujue kwa nini anaamini kaka yake marehemu alimdhulumu, tumkute saa nane za usiku anahesabu. Wewe umeingia mara moja kuchukua siri, ukatoka. Kurasa zilizobaki Hamisi ni kinyago.

Ipo nafsi ya tatu nyingine, ambayo nadhani wenzako hawakuifikiria:

"Salma alipeleka maji kwenye glasi ya wageni. Fundi wa paa alikuwa ameinama karibu na karo, anavuta tepu. Ajabu, hajapanda popote. Labda mafundi wa paa huanzia chini. Akaishika ncha aliyopewa, akaibana ukutani kwa vidole viwili."

"Labda mafundi wa paa huanzia chini" ni wazo la nani? La Salma. Lakini hakuna "aliwaza kwamba", hakuna "alijisemea moyoni". Msimulizi amesimama begani kwa mtoto, anaazima akili yake bila kuomba ruhusa. Angalia pia jina: msimulizi anamwita mgeni "fundi wa paa", hamwiti dalali, kwa sababu kwa Salma huyo ni fundi wa paa. Siku Salma akijua, jina libadilike palepale, bila maelezo, na msomaji ataelewa kilichotokea. Namna msimulizi anavyowaita watu inaonyesha amesimama upande gani. "Hamisi", "Ba'mdogo", "shemeji", "msimamizi wa mirathi": mtu ni mmoja, ila kila jina lina aliyelitamka.

Na kabla sijasahau, kuna "sisi". Nyumba yako ni ya Kiswahili, ina korido katikati na vyumba huku na huku, na umetuambia ina wapangaji. Hao wanaona kila kitu. "Tulimwona akipima. Kila mmoja wetu alimwona, na kila mmoja alidhani mwenzake atamwambia Mama Salma." Sikushauri uandike hadithi nzima hivyo, maana sauti ya wengi huchosha haraka, ila ijaribu kwa ukurasa mmoja uone aibu ya nyumba nzima inavyosikika.

Jambo ambalo hukuuliza, nami naliona kubwa kuliko mimi-na-yeye: msimulizi wako anamwambia nani? Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, hakuutangazia ulimwengu. Alimwita binti yake asogee asikilize wasia. Kila ubeti umeumbwa na huyo anayesikiliza, anachopaswa kujua, na muda mama aliobakiwa nao. Salma mtu mzima akisimulia mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo kwenye shauri la mirathi, ataitaja advansi, tarehe na mashahidi, na ile tepu ataificha. Akimsimulia mwanawe wa kuzaa, atamfanya Hamisi zimwi. Akimsimulia mama yake, hawezi kuikwepa tepu, na kila sentensi kabla ya hapo itakuwa ya kuahirisha. Ukishajua msikilizaji ni nani, mambo mengi yanayokutesa sasa, ya nini kianze na nini kifuate, yatajipanga yenyewe.

Kuhusu kichwa cha Hamisi. Desturi yetu ya ngano haimnyimi msimulizi kitu. Mkishakubaliana pale kwenye "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", bibi ana ruhusa ya kutuambia alichojisemea sungura moyoni na alichopanga fisi, tena kwa pumzi moja, na hakuna mjukuu anayeuliza amejuaje. Riwaya zetu za mwanzo zilirithi sauti hiyo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, hata majina yameshatoa hukumu: mshitaki ni Majivuno, mshitakiwa ni Karama. Euphrase Kezilahabi naye aliandika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, kwa nafsi ya tatu, lakini katika Kichwamaji ya mwaka 1974 alimwachia Kazimoto asimulie mwenyewe, na msomaji akakosa mzee wa kumwambia kama Kazimoto ana haki au hana. Njia zote mbili ni zetu. Anayekwambia kuingia vichwa viwili katika sura moja ni mwiko amesoma kanuni za watu wengine.

Nguvu ya sauti hiyo ya msimulizi anayejua yote ukitaka kuipima, ingia kibanda umiza chochote palipo na filamu ya nje iliyosimuliwa na DJ kwa Kiswahili. Watu wa makamo mjini wanamkumbuka Lufufu, aliyejipatia jina kwa kazi hiyo. Picha hazijaguswa hata moja. Kamera inaona nyuso tu. Lakini DJ akisema "usimwone anacheka, huyu ana lake jambo", watazamaji hawamwangalii tena mtu huyo kwa macho ya mwanzo. Tabasamu limekuwa tishio kwa sentensi moja. Wapo wanaoidharau sanaa hiyo. Mimi nadhani kijana anayetaka kujifunza usimulizi atapata mengi kwa kutazama filamu ileile mara mbili, mara moja na DJ na mara moja bila yeye.

Lakini ukibaki na "mimi", bado Hamisi hajafungwa kwako. Nyumba yako haina dari. Umesema mwenyewe kwamba bati linaonekana ukilala chali. Basi sauti zinapita juu ya kuta, na Salma kitandani anasikia nusu ya maneno ya chumba cha pili: kiasi fulani cha pesa, jina la mtu, mlango. Nusu hiyo ina thamani kuliko mawazo yote uliyomwandikia Hamisi. Kuna pia maneno ya majirani. Na Salma mkubwa anaweza kukiri wazi kwamba anabuni: "Sikuwepo, lakini namwona amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni." Msomaji atalikubali, na atajifunza kitu juu ya Salma kuliko juu ya Hamisi: kwamba baada ya yote bado anajaribu kumwelewa.

Sasa nigusie Kiswahili chenyewe, maana ushauri mwingi wa uandishi unaozunguka umetokana na lugha zinazotenganisha mwanamume na mwanamke kwenye kiwakilishi. Sisi tuna "a-" moja kwa wote. Soma sentensi yako: "Salma alimkuta mama yake jikoni, akamwambia ameshachoka, akaanza kulia." Nani kachoka? Nani analia? Nimeisoma mara tatu, sijui. Irudishe kwenye nafsi ya kwanza: "Nilimkuta mama jikoni, akaniambia ameshachoka, nikaanza kulia." Hakuna utata tena, kwa sababu "ni-" na "a-" zimegawana watu. Matukio yako mengi ni ya watu wawili ndani ya chumba kimoja, kwa hiyo nafsi ya tatu itakulazimisha kurudiarudia majina au kupanga upya kila sentensi. Kwa mwandishi wa hadithi za upelelezi utata huohuo ni zawadi: anaweza kumfuata muuaji sura nzima bila kufichua kama ni mwanamume au mwanamke, na asiwe amemdanganya mtu.

Kagua "kumbe" zako zote. "Kumbe" ina mwenyewe: ni mshangao wa mtu ambaye hakujua. Ukurasa wa 6 umeandika "Kumbe Hamisi alikuwa nyuma ya mlango muda wote", ilhali aya mbili kabla umetuonyesha Hamisi akijificha. Kumbe hiyo ni ya Salma, lakini wakati ule hatukuwa na Salma, tulikuwa na Hamisi. Ama utuache na Salma tangu mwanzo wa tukio, ama uifute. "Eti" nayo hivyohivyo. "Eti ni fundi wa paa" inaonyesha msimulizi haamini, kwa hiyo haiwezi kutoka kinywani mwa mtoto anayeamini. Mkubwa anaweza kuisema, na akiisema tu, tunajua yeye ni mkubwa.

Hata "hapa" na "pale", "kuja" na "kwenda", vina miguu. "Dalali alikuja uani" inatuweka uani tukimsubiri. "Dalali alikwenda uani" inatuacha barazani tukimtazama mgongo. Katika toleo lako la pili watu wanakuja na kwenda bila mpangilio, ndiyo maana msomaji anahisi amesimama kila mahali na hayupo popote. Chukua kalamu ya rangi, zungushia duara kila "kuja", "kwenda", "huyu" na "yule" katika kurasa tatu za mwanzo, halafu jiulize kwenye kila duara: msimulizi yuko wapi sasa hivi?

Swali la kuchanganya: unaruhusiwa, mradi mchanganyiko uwe na sababu ambayo msomaji anaweza kuihisi. Sura za Salma kwa "mimi" na sura za Hamisi kwa nafsi ya tatu zinaweza kukaa pamoja vizuri, kwa kuwa Salma anakiri na Hamisi hakiri kamwe. Kubadili katikati ya aya kwa sababu tu umekwama kutaonekana. Simulizi zinazotumwa kwa vipande kwenye simu, zile za "ilipoishia" na "endelea nayo", zina tabia ya kumtupa msimulizi katikati: sehemu ya 1 hadi ya 9 ni mkasa wa kweli wa "mimi", sehemu ya 10 tunaambiwa mambo yaliyotokea "mimi" akiwa amezimia. Wasomaji wa huko wana haraka na wanasamehe. Wa kitabu hawasamehe.

Ningekuwa na hadithi hii mimi, ningechukua Salma mtu mzima, anazungumza na mama yake huko walikohamia, na ningemchelewesha kufika kwenye tepu hadi karibu na mwisho. Sura za Hamisi ningezikata zote, nikabakiza maneno yanayopita juu ya ukuta. Lakini usinifuate kabla ya kujaribu. Andika tukio la tepu peke yake, ukurasa mmoja kwa kila njia, bila kutazama ulichokwisha kuandika. Njia itakayokuletea kitu ambacho hukukijua kuhusu siku ile, hiyo ndiyo uendelee nayo. Na ile sentensi ya kwanza ya toleo la pili, "Hamisi alikuwa mwongo tangu utotoni", ifute leo, nafsi yoyote utakayochagua.